Kusoma Kigiriki kiangazi: Athens, Thessaloniki au kisiwani?

Mwaka wa kwanza nilisoma Kigiriki Athens. Mwaka wa pili nikaenda Thessaloniki, mji mkubwa wa kaskazini mwa Ugiriki, nikijiona mwenyeji. Jioni ya kwanza nikasimama kwenye kibanda cha nyama choma karibu na Kamara, lile tao la kaisari Galerius ambalo vijana wote wa mji hupeana miadi chini yake, nikaagiza kwa Kigiriki changu nilichokinyoosha vizuri: dio kalamakia, parakalo. Mzee akanitazama, akainama nyuma ya kaunta, akanipa mirija miwili. "Pedi mu," akasema, yaani mwanangu, "na soda unataka ipi?"

Athens, kalamaki ni mshikaki. Thessaloniki, mshikaki ni suvlaki, na kalamaki ni mrija wa kunywea, basi. Halafu ukirudi Athens ukasema suvlaki, unaweza kuletewa pita iliyoviringishwa nyama ndani. Neno lenyewe maana yake ni kijitete. Linatokana na kalamos, tete, lile lile lililopita kwa Waarabu likatufikia sisi likiwa kalamu, maana kalamu za zamani zilichongwa kwa matete. Kwa hiyo nilikuwa nimeagiza vikalamu viwili vya nyama.

Naanza na kisa hiki kwa sababu wanaoniuliza habari za kozi hizi huja na majina ya vyuo: chuo kipi bora? Darasani tofauti si kubwa. Masomo ya saa tatu au nne kila asubuhi, ya kiwango cha A1, yaani cha anayeanza kabisa, yanafanana karibu kila mahali, na wengi wa wanaofundisha wageni Kigiriki wanaijua kazi yao. Kinachoamua kama utarudi nyumbani unaongea ni saa zinazobaki baada ya darasa: unakaa mtaa gani, unaagiza chakula kwa lugha gani, nani anakusemesha mlangoni. Basi nitalinganisha miji kwanza, vyuo baadaye.

Mtaji tunaokwenda nao

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu wazee bado wanawataja Wagiriki wa mashamba ya mkonge. Lakini uhusiano ni wa kale kuliko mkonge. Maelezo ya zamani sana tuliyo nayo ya pwani ya Afrika Mashariki yaliandikwa kwa Kigiriki, karne ya kwanza baada ya Kristo: ni mwongozo wa wafanyabiashara wa baharini, na unautaja mji wa Rhapta, ulioitwa hivyo kwa sababu ya vyombo vyake vilivyoshonwa kwa kamba, kama mtepe wetu. Neno hilo bado liko hai. Fundi cherehani Athens anaitwa raftis.

Tuna mtaji mwingine, na huu ni wa mdomoni. Irabu za Kigiriki cha leo ni tano, a e i o u, zile zile zetu. Sauti zinazowatesa wenzetu wengine, ya thelathini, ya dhahabu, ya ghali, ya kheri, zote zimo, na aliyepita madrasa hapati tabu nazo. Nomino zina jinsia tatu na kivumishi hufuata: o kalos filos, i kali fili, to kalo pedi. Mzungumzaji wa lugha isiyo na upatanisho hulia hapo. Wewe uliyelelewa na kitabu kizuri, mti mzuri, gari zuri, unaona ni ngeli tu, tena chache. Ukiambiwa siga siga, utajua kabla hujafasiriwa kwamba ni polepole.

Kinachotuangusha ni mkazo. Sisi tumezoea kuuweka silabi ya pili kutoka mwisho, lakini Kigiriki huuhamisha na maana ikahama nao: póte ni lini, poté ni kamwe. Ni kama barabara ya kupita magari na barabara ya mambo kwenda sawasawa, ila kwao jozi za namna hiyo ni nyingi mno. Mwezi mzima nilisema efcharísto badala ya efcharistó, na watu wakawa wananipokea asante yangu kwa tabasamu la huruma.

Athens

Kama kinachokupeleka ni historia ya kale, usijisumbue kutafuta pengine. Nenda Athens. Ukiweza, nenda Juni.

Kuna mahali nilipoamini kwamba pesa yangu haikupotea, na hapakuwa Akropoli, kile kilima cha mahekalu ya kale. Ni ndani ya Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, mbele ya jiwe la kaburi la mwanamke aliyekaa kitini, mjakazi amesimama mbele yake na kisanduku, naye anachagua kito. Jiwe hilo ni la mwisho wa karne ya tano kabla ya Kristo. Juu kuna maandishi. Nilikuwa na wiki moja tu ya alfabeti, nikasoma herufi moja moja kwa kidole hewani: Hegeso, wa Proxenos. Jina lake na la baba yake, miaka elfu mbili na mia nne imepita, na limesomwa na mtu wa Tanga aliyejifunza kuandika eta siku ya Jumatatu. Jumba hilo hilo lina ule mtambo wa meno ya shaba ulioopolewa baharini Antikythera mwaka 1901, uliokuwa ukipiga hesabu za mwendo wa jua na mwezi. Kaburi la Hegeso lilikuwa Kerameikos, mwendo wa miguu kutoka katikati ya mji, na nakala ya jiwe imesimamishwa pale pale. Unasoma kitu asubuhi, jioni unakigusa kwa macho. Thessaloniki haiwezi kukupa hilo.

Vyuo viko vya kila namna. Chuo Kikuu cha Athens, kilichoanzishwa 1837, kina kituo chake cha kufundisha wageni Kigiriki cha leo. Athens Centre, iliyopo tangu 1969, iko mtaa wa Mets, nyuma ya ule uwanja wa marumaru wa Olimpiki ya 1896. Halafu kuna American School of Classical Studies, ya tangu 1881, na hii uielewe vizuri kabla ya kuomba: kozi yake ya kiangazi ya wiki sita ni ya magofu, makumbusho na safari, inaendeshwa kwa Kiingereza, na kila mwanafunzi husimama mbele ya jengo au jiwe fulani akawaeleza wenzake. Kwa anayesoma historia au akiolojia ni hazina. Kwa anayetaka kuongea Kigiriki sokoni, amekosea mlango.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni Kiingereza. Katikati ya mji, Plaka, Monastiraki, Koukaki, mhudumu akisikia lafudhi tu anageuza lugha. Mimi ni mweusi, kwa hiyo Kiingereza kilikuja hata kabla sijafungua mdomo. Unaweza kumaliza wiki nne Athens na Kigiriki chako kisitoke nje ya darasa.

Ya pili ni Agosti. Tarehe 15 ni sikukuu ya kulala kwa Bikira Maria, na mji unahama kwenda vijijini na visiwani siku nyingi kabla yake. Mwenye nyumba wangu aliniachia funguo, akaniachia na paka. Muuza mkate akabandika karatasi mlangoni: tutaonana Septemba. Shule niliyokuwa nimelipia, ya binafsi, ikaona wanafunzi wamepungua, ikatuunganisha A1 na A2 chumba kimoja bila kutuuliza na bila kurudisha hata senti. Tuliokuwa A1 tukawa watazamaji. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa shule yoyote ni hili: mkipata wanafunzi wachache, mnafuta darasa, mnaunganisha, au mnapunguza saa? Wakujibu kwa maandishi.

Ya tatu ni joto. Mwaka 2023 na tena 2024 Akropoli ilifungwa saa za mchana kwa sababu ya wimbi la joto, na tangu Aprili 2025 tikiti yake ni euro 30. Kwa hiyo ziara zenu zikipangwa saa sita mchana wa Julai, mpangaji hajui kazi.

Dawa ya Athens ni kukaa Kypseli. Ni mtaa wa maghorofa ya zamani, watu wamebanana, na Waafrika wako pale miaka mingi. Jioni familia zinashuka kwenye barabara ya miti ya Fokionos Negri, watoto wanacheza mpira, na muuza mboga hana haja ya kukusemesha Kiingereza kwa sababu jirani yako Mmisri, jirani yako Mnigeria, wote wanaongea naye Kigiriki. Nilisikia na Kiswahili huko, jamaa wawili wakibishania mpira wa Bongo kwenye kituo cha basi. Ningejua hayo mapema, mwaka wangu wa kwanza ungekuwa mwingine.

Thessaloniki

Hapa ndipo nilipojifunza kuongea, na sitajifanya sina upande.

Nilipanga chumba Ano Poli, mji wa juu, ambako nyumba za kale zimepandana mlimani chini ya ukuta wa Bizanti. Bibi mwenye nyumba alikuwa na kiti chake cha plastiki mlangoni. Saa tatu usiku, joto likishapungua, majirani nao hutoa viti vyao, na kile kichochoro kinakuwa baraza kabisa, kilichokosekana ni kahawa chungu na kashata. Kila nikipita ananisimamisha: "Ti efages simera?" Umekula nini leo? Kula ni troo, lakini nimekula ni efaga, havifanani hata herufi ya kwanza. Darasani tulikuwa hatujafika huko. Nilijifunza wakati uliopita wa Kigiriki kwa kueleza maharage, dagaa na tikiti maji kila usiku kwa bibi asiyejua neno la Kiingereza, naye akinisahihisha kama mtoto wake. Darasa lilipofika kwenye vitenzi hivyo nilikuwa nimeshavimaliza.

Chuo Kikuu cha Aristotle kina Shule ya Kigiriki cha Kisasa tangu 1970, na kozi zake za kiangazi ni za kufululiza. Ipo pia Taasisi ya Masomo ya Balkani, IMXA, iliyoanzishwa 1953, ambayo shule yake ya kiangazi inachanganya lugha, historia na utamaduni, kwa kawaida mwezi wa Agosti. Faida moja ya mji huu haiandikwi kwenye vipeperushi: wanafunzi wengi ni Waserbia, Wabulgaria, Waromania, Waturuki, watu wa jirani. Kiingereza chao na changu havikulingana, basi wakati wa mapumziko tulilazimika kuelewana kwa Kigiriki kibovu cha pamoja.

Kigiriki chenyewe cha huku kina vijitabia vyake. Mtu wa Athens akitaka kusema nitakuambia, husema tha su po. Wa Thessaloniki husema tha se po, na Waathene humcheka. Mwalimu atakufundisha su, mtaa utakupa se. Jibu lake ni rahisi: kwenye mtihani andika su, kibandani sema se upate nyama nyingi.

Na historia? Wengine hudhani ukikosa Parthenon, lile hekalu la Akropoli, umekosa vyote. Mji huu ulianzishwa mwaka 315 kabla ya Kristo na Kasandro, akaupa jina la mkewe, dada wa Aleksanda Mkuu kwa baba. Ulikuwa chini ya Waturuki Waosmani tangu 1430 hadi 1912. Wayahudi waliofukuzwa Uhispania 1492 walihamia kwa wingi, wakaufanya wao kwa zaidi ya karne nne, wakiongea Kihispania chao cha kale sokoni na bandarini, mpaka Wajerumani walipowapakia kwenye treni mwaka 1943, karibu wote, kwenda Auschwitz. Sehemu ya ardhi ya Chuo Kikuu ilikuwa makaburi yao, na mnara wa kumbukumbu ulisimamishwa chuoni 2014 tu. Ukisoma hapo, unaikanyaga historia hiyo kila asubuhi ukienda darasani, na mwalimu mzuri hatakuficha. Atatürk naye alizaliwa humu, 1881, nyumba ipo. Kwa anayetoka pwani yetu, ambako Waarabu, Wahindi, Wareno na wenyeji wamepishana juu ya bandari zile zile, mji wa namna hii hauhitaji kuelezwa sana.

Metro ilianza kuchimbwa 2006, ikachelewa kufunguliwa mpaka Novemba 30, 2024, kwa sababu kila walipochimba walikuta mji mwingine chini. Stesheni ya Venizelou wameirudisha barabara ya kale ya marumaru ndani yake, abiria wanaipita wakienda kazini.

Kwa msomaji wa Biblia mji huu ndio Thesalonike wa nyaraka mbili za Paulo. Filipi magofu yake yako upande wa mashariki, safari ya siku moja. Beroya ni Veria ya leo, na karibu yake kuna Vergina, ambako mwaka 1977 Manolis Andronikos alifukua kaburi linaloaminika kuwa la Filipo wa Pili, babake Aleksanda. Matendo ya Mitume sura ya 17 inaanzia Thesalonike, inapita Beroya, inaishia Athene. Paulo alijadiliana na watu wa Thesalonike sabato tatu, kisha akatoroshwa usiku. Kozi fupi kuliko zote.

Kasoro zipo. Agosti kuna unyevu na mbu, bahari ya mjini si ya kuogelea, lazima upande basi kwenda Chalkidiki. Na mwanzoni mwa Septemba yanaanza Maonyesho ya Kimataifa, yaliyopo tangu 1926: waziri mkuu anakuja kuhutubia, barabara zinafungwa, vyumba vinapanda bei. Kozi yako ikiingia Septemba, kodi chumba mapema.

Kisiwani

Sitakaa sana hapa. Chania ya Krete ina shule, na visiwa vidogo hupokea kozi za wiki mbili tatu. Picha zake ni nzuri kupita kiasi. Ila Julai na Agosti vyumba ni ghali, upepo wa meltemi ukivuma kutoka kaskazini meli huzuiwa bandarini siku nzima, kama jahazi linalongoja kusi litulie, na mtalii ni mwingi kuliko mwenyeji. Krete nayo ina lahaja yake: ke, yaani na, wanatamka che, na badala ya ti, nini, utasikia inda. Kwa anayeanza ni mkanganyo. Kwa aliyekwisha kuwa na B1, kiwango cha kati, anayetaka kupumzika huku akiongea na wavuvi, hakuna kinachozidi kisiwa, hasa Juni. Anayetaka kuona Knossos na majumba ya Wamino, watu wa kale wa Krete, aende Krete kwa siku tatu baada ya kozi.

Kigiriki kipi hasa?

Wanafunzi wa teolojia, Waorthodoksi wa Kenya na Uganda hasa, huuliza kama kozi ya kiangazi itawawezesha kusoma Agano Jipya. Jibu langu ni nusu. Utapata alfabeti, matamshi yale yale yanayotumika kanisani Ugiriki leo, na maneno mengi sana. Hutapata sarufi ya kale, kwa sababu Kigiriki cha leo kimepoteza uhusika wa upewaji, yaani umbo la nomino la kuonyesha anayepewa, na vitenzi vya kale vimebadilika. Hata lugha ya kiserikali iliyojikongoja katikati ya cha kale na cha leo, katharevusa, iliondolewa mashuleni 1976, na alama nyingi za juu ya herufi zikafutwa 1982, ukabaki mkazo mmoja. Ndiyo maana vibao vya zamani vinakuwa na vijialama usivyofundishwa. Kama lengo ni Injili peke yake, tafuta kozi ya Koine, Kigiriki cha Agano Jipya. Kama ni Injili na kukaa seminari Thessaloniki miaka minne, anza na cha leo.

Tarehe na viza

Viza ya Schengen, ya nchi za Ulaya zilizofungua mipaka kati yao, Ugiriki ikiwemo, kwa muda mfupi ni euro 90 tangu Juni 2024, inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya 180, na bima yake lazima igharimie matibabu ya angalau euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Sheria inataka yasipungue siku 15, lakini anayengoja siku 15 za mwisho kiangazi, miadi zimejaa, anacheza bahati nasibu. Pasi iwe na uhai wa miezi mitatu baada ya kuondoka. Barua ya chuo itaje tarehe, saa za masomo kwa wiki, na kwamba ada imelipwa. Kabla ya kulipa, uliza ukinyimwa viza wanarudisha kiasi gani. Shule zinatofautiana sana hapo, na ndipo niliposhindwa kuchagua moja niliyoipenda.

Mpwa wangu anasoma akiolojia Dar es Salaam. Nilimshauri Athens bila kusita, kwa hoja zote nilizoandika hapa. Tarehe za Athens zikagongana na mitihani yake, akaenda Thessaloniki Agosti. Vergina alirudi mara tatu, mara ya tatu peke yake kwa basi. Alipofika uwanja wa ndege wa Dar alinisalimia "Shikamoo, mjomba," halafu akanigeuzia Kigiriki, na alisema tha se po.

Wewe ukisoma haya Januari, una muda: andikia vyuo viwili leo, kimoja kila mji, uulize swali langu la kuunganisha madarasa, uone nani anajibu kwanza. Ukisoma haya Juni, cha mwaka huu kimeshapita. Herufi ni 24, anza nazo.